Breki ya Mkono ya Dada

Dada yangu anashona viti vya magari. Mletee kiti kilichochanika mpaka sponji inachungulia nje, atakitazama mara moja, atakwambia rudi kesho, na kesho utakuta kiti kimetulia kama hakijawahi kukaliwa na mtu. Hiyo ndiyo kazi inayotulisha. Kazi anayoitaka ni nyingine: urubani wa helikopta. Aliponiambia mara ya kwanza, nilidhani ni mvuke wa gundi umempanda kichwani.

Haikuwa gundi. Alikuwa ameshakwenda mpaka chuo cha urubani kuulizia bei. Pale unalipia kila saa unayokaa hewani, na saa moja inameza malipo ya kushona viti vya gari zima, mbele na nyuma, na bado ina njaa. Mtu mwenye akili za kawaida angewashukuru, akachukua kile kikaratasi chao chenye picha nzuri, akaenda nacho nyumbani kufunikia maji. Dada alirudi nyumbani akauza pikipiki yake.

Halafu hakwenda chuoni. Hapo ndipo alipotuchanganya kabisa.

"Pikipiki umeuza, kuruka huruki," Mama alimwambia. "Sasa huko angani unakwenda kwa miguu?"

"Bado, Mama. Nikianza na hizi nilizonazo, nitaruka leo, nikae miezi miwili, niruke tena. Nusu ya kila saa itaishia kwenye kukumbuka nilichosahau. Wacha nikusanye kwanza, nikianza niruke mfululizo."

Mama alinitazama mimi kana kwamba nimemfundisha. Sikumfundisha. Mimi kusoma kwenyewe niliishia nusu, ningemfundisha nini mtu aliyejipangia maisha namna hiyo?

Basi akajibana. Kwa miaka kadhaa alitembea kwa miguu kwenda na kurudi karakana, akatumia simu iliyopasuka kioo upande mmoja, akawa anasoma ujumbe kwa upande uliobaki na kubahatisha mwisho wake. Vitabu vya nadharia alinunua vilivyotumika, vimejaa maandishi ya wenyewe pembeni. Mmoja alikuwa ameandika "sielewi" karibu kila ukurasa. Dada alisema huyo ndiye aliyemsaidia zaidi, maana alimwonyesha mahali pa kusoma mara mbili. Chuoni nako akaenda kupatana nao: awashonee viti vya ofisi na vya basi lao dogo, wamkatie kwenye bei ya saa. Viti vya helikopta hawakumruhusu hata kuvigusa, vinataka fundi mwenye kibali. Akasema sawa, nipeni hivyo vya kukalia makarani.

Lakini kilichowafanya majirani wamwite Rubani wa Sakafuni kilikuwa pale kwenye kona ya karakana. Alichukua kiti cha gari bovu akakifunga kwenye ubao. Katikati ya magoti akasimamisha mpini wa fagio, ndio usukani. Miguuni akaweka pedali mbili zilizounganishwa, ukikanyaga moja nyingine inarudi. Na mkono wa kushoto, mahali ambapo rubani ana wenzo wa kuipandisha na kuishusha helikopta, akafunga breki ya mkono aliyoing'oa kwenye lile lile gari bovu. Ukivuta, umepanda. Ukishusha, umeshuka. Gharama yake ilikuwa misumari.

Vitabu vilimwambia jambo moja akalishika kuliko yote. Injini ikizima angani, shusha wenzo wa kushoto papo hapo. Ukiushusha, mapanga yale ya juu yanaendelea kuzungushwa na upepo, nawe unatua kama mtu. Ukichelewa, mapanga yanapoteza kasi, na hapo huna tena helikopta, una jokofu.

Kwa hiyo akatupa kazi sisi wa nyumbani. Wakati wowote, popote, tuseme "injini," naye mkono wa kushoto ushuke. Mama aliipenda kazi hiyo kupita kiasi. Dada anakula, "injini," mkono unazama chini ya meza na kijiko chake. Dada anapima kitambaa mbele ya mteja, "injini," futi inaanguka. Siku moja yuko bafuni, Mama akapita mlangoni akasema taratibu tu, "injini," tukasikia ndoo imepinduka.

"Mama, nina sabuni machoni."

"Na injini inakusubiri unawe?"

Siku ikafika, fedha ya kuanzia ikawa imetimia. Akafunga karakana, akabandika karatasi mlangoni kuwaomba radhi wateja, akaanza kuruka kila siku. Mwalimu wake, mwanamume mtulivu mwenye miwani ya kamba, alishangaa. Kusimama hewani bila kuyumba, jambo linalowatoa wengine jasho kwa wiki, Dada alilishika mapema. Mwalimu akaanza kumwita Fundi.

Tatizo likaja pale pale alipojiamini kuliko kote. Mwalimu alikuwa akipunguza nguvu ya injini ghafla wakiwa juu, kumjaribu, halafu anairudisha. Kila akifanya hivyo, mkono wa Dada unachelewa kidogo, king'ora cha kuonya kwamba mapanga yanapoteza kasi kinalia, na mbele ya helikopta taa inawaka mchana kweupe.

"Fundi," Mwalimu alimwambia walipotua, "kila injini ikizima wewe unawasha taa. Unamtafuta nani?"

Dada hakujua taa inawashwa na nini, wala kwa nini mkono wake umechelewa. Walirudia kesho yake, ikawa vile vile. Mwalimu hakumficha. Hawezi kumwachia helikopta peke yake mpaka mkono huo unyooke. Na Dada alijua asichokijua Mwalimu: fedha iliyobaki ilitosha somo moja tu. Akishindwa hilo, arudi kwenye sponji akusanye upya, na wakati huo mwili usahau yote. Aliomba somo hilo lisogezwe mpaka mwisho wa wiki. Akarudi nyumbani, akafungua karakana.

Alilifumbua ndani ya teksi. Dereva mmoja alikuja kuchukua gari lake, Dada akaingia kulisogeza lipate nafasi ya kutoka. Akashika breki ya mkono aiachie. Halafu akabaki hivyo hivyo, kama amepigwa picha.

Dereva akainama dirishani. "Vipi, fundi? Kiti kimeharibika tena?"

"Subiri, kaka."

"Nisubiri nini? Nina abiria."

"Nisubiri mimi."

Akavuta tena, akaachia tena. Mimi nikasogea. Akanionyesha bila kuniangalia. Breki ya mkono, ili ishuke, lazima kwanza uivute juu kidogo, ubonyeze kitufe kwa kidole gumba, ndipo iteremke. Hata wewe unafanya hivyo, ila hujawahi kujitazama. Miaka yote ile ya "injini, injini," mkono wake ulikuwa unapanda kwanza kabla ya kushuka. Kwenye teksi haina neno. Angani, injini imezima, kuuvuta wenzo juu ndiko kuyaua mapanga. Na penye kitufe cha breki, helikopta ina swichi ya taa.

"Kwa hiyo tulikuwa tunakufundisha kufa," nikasema.

"Kidogo tu," akasema. "Toa gari la watu."

Jioni ile aling'oa breki akafunga kipande cha bomba tupu, kinachopanda na kushuka bila kitufe. Lakini kidole hakikujua kwamba kitufe kimeondoka, kiliendelea kukitafuta. Basi akakata utepe wa kitambaa cha kiti akakifunga kidole gumba kiganjani, akashinda hivyo, akishona hivyo hivyo. Mshono mmoja ukawa unamchukua muda wa mishono mitatu. Wateja wakampa pole. Mama akasema neno lake mpaka sauti ikakauka, akaniachia mimi zamu. Mwanzoni bado mkono uliruka juu kidogo kabla ya kushuka. Akikosea, hakulalamika, alisema "tena." Nimewahi kuona watu wenye bidii. Huyu nilianza kulionea huruma bomba lake.

Siku ya somo la mwisho tulisimama nje ya uzio, mimi na Mama. Helikopta ilipanda, ikazunguka mbali, ikarudi juu ya uwanja. Ghafla mngurumo ukapungua na helikopta ikaanza kushuka kama imekumbuka kitu ardhini. Nikaitazama pua yake. Taa haikuwaka. Mngurumo ukarudi, wakapanda, wakarudia. Haikuwaka. Mara ya tatu hata mimi nikaacha kutazama taa, nikawa natazama tu jinsi inavyoteremka, imenyooka, haina haraka.

Walitua. Mlango ukafunguliwa, Mwalimu akashuka, akafunga mkanda wa kiti kilichobaki kitupu, akaondoka akiwa ameinama, na hakugeuka.

"Anakwenda wapi?" Mama akauliza.

"Amemwachia."

"Amemwachia na nani?"

"Peke yake, Mama."

Helikopta ikainuka haraka kuliko mwanzo, maana uzito wa Mwalimu umebaki chini, ikayumba mara moja, ikatulia, ikaenda. Mama alifunga mdomo kwa viganja vyote viwili. Nikamuuliza kama anajisikia vibaya. Akatikisa kichwa, akasema kupitia vidole, "Usinisemeshe. Nitalisema lile neno."

Dada alizunguka uwanja, akarudi, akasimama hewani mbele ya Mwalimu wake, akashuka mpaka chini bila kugonga. Akaja mpaka pale kwenye uzio tulipokuwa. Mwalimu alikuja nyuma yake akiwa na kalenda, anauliza somo lijalo liwe lini, maana mpaka leseni safari bado ipo.

"Fedha imeisha, Mwalimu," Dada akamwambia wazi. "Nitakwenda kushona, nirudi. Itachukua muda. Mkono utasahau?"

Mwalimu aliutazama ule mkono wa kushoto, kidole gumba kikiwa bado kimejikunja kiganjani chenyewe, bila utepe.

"Mkono huo?" akasema. "Wewe nenda kashone."