Mikono Isiyoungua

Nyie mnaokuja kuchukua vidonge hapa huku mmeficha mikono ndani ya khanga, nitazameni mimi kwanza. Mimi ni mama Yustina wa Kasansa. Hii mikono mnayoiona ilisifiwa sana, kumbe ilikuwa inaumwa.

Miaka ile ya vijiji vya ujamaa mpishi wa sherehe nilikuwa mimi. Harusi, komunyo, kipaimara, wali wote ulipita kwangu. Nilikuwa naepua sufuria kubwa mafigani kwa mikono mitupu, naitua chini bila haraka. Wanawake wanapiga vigelegele: "Huyu mama haungui!" Nami kichwa kikavimba. Nikiona malengelenge viganjani nasema ni kazi tu. Sikujiuliza kwa nini hayaumi.

Mume wangu, Felesiani, ndiye aliyeona mabaka yaliyopauka mgongoni kwangu. Tukaenda zahanati. Mganga akaniambia nifumbe macho, akachukua unyoya wa kuku. "Sema kila ninapokugusa." Nikakaa kimya, nikidhani hajaanza. Nilipofumbua macho alikuwa ameshamaliza, na Felesiani analia.

"Ni ukoma, mama," akasema mganga. "Dawa ipo. Utapona."

Felesiani naye akapimwa, akakutwa mzima. Mimi nikaanza vidonge, nikavimeza bila kuruka. Na hapo hapo, wakati nameza vizuri kabisa, mambo yakaharibika. Mabaka yakawa mekundu, yakavimba, yakawa ya moto. Homa ikanishika. Kiwiko cha kulia kikauma hadi nikatapika. Vidole viwili vya mwisho vikaanza kujikunja, mwiko ukaniponyoka mkononi.

"Dawa hizo zinakuua, mwanangu," mama mkwe akasema. "Zitupe chooni." Kusema kweli, hata mimi niliziogopa. Mpishi asiyeshika mwiko ni nani? Nililia kwa ajili ya ule mkono kuliko nilivyolia siku ya unyoya.

Felesiani hakubishana na mtu. Alinipandisha lori la mpunga hadi hospitali, Mpanda mjini. Daktari akabonyeza kiwiko, nikapiga kelele.

"Mmefanya vizuri kuja sasa," akasema. "Sikiliza, mama. Mwili una askari wanaomeza vijidudu na kuviua. Watu wengi askari wao wako macho, kama wa mzee wako hapa, ndiyo maana hakuugua. Askari wako walimeza vijidudu vya ukoma wakalala navyo. Vikakaa humo humo ndani ya askari, vinazaliana. Sasa wameamka, wanapigana."

"Si ndiyo vizuri?" nikauliza.

"Vizuri, ila wanapigana ndani ya mshipa wa fahamu. Mshipa ukivimba sana, unakufa, na mkono unakwenda nao. Nitakupa dawa ya kuwatuliza. Vile vidonge vya ukoma usiache hata kidogo, maana ukiacha, vijidudu ndivyo vitakavyoshinda."

Basi nikalazwa. Mkono ukafungwa kwenye ubao, nikanywa dawa mpya pamoja na zile za zamani. Uvimbe ukashuka. Kila asubuhi nikawa nanyoosha vidole, naumia, nanyoosha tena. Nilijua nitapona. Ukaidi wangu mnaujua.

Siku moja, tukiwa tumesharudi Kasansa, nikajisahau, nikashika sufuria ya chai jikoni. Nikapiga ukelele wa ajabu. Mama mkwe akaja mbio na maji.

"Umeungua?"

"Nimeungua, mama! Dole gumba limeungua!"

Tukakumbatiana pale pale, tunacheka na kulia, chai yote imemwagika.

Kidole hiki cha mwisho hakikunyooka, na sehemu nyingine hazijui moto mpaka leo. Kila jioni nazikagua kwa macho. Namshukuru Mungu, namshukuru daktari, na yule mzee wangu asiyependa maneno mengi. Nyie nawaambia hivi: baka lisilosikia unyoya lileteni mapema. Na mwili ukichachamaa katikati ya dawa, msitupe dawa. Rudini hapa siku hiyo hiyo.

Wali wa sherehe bado napika mimi. Siku hizi naepua kwa matambara mawili manene. Mtu akiniuliza kama nimezeeka, namjibu: hapana, nimepona.