Chumvi na Mkaa Mlangoni mwa Kanisa

Binti yangu alinipigia simu nikiwa Mwaya, juu ya ngazi, nafunga taa kwenye banda la mashine ya kukoboa mpunga. Yeye alikuwa Matema kwa shangazi yake kwa ajili ya mafundisho ya ubatizo. Ilikuwa Jumamosi, na kesho yake alikuwa anabatizwa.

"Mama, ile reli inatekenya."

"Reli ipi?"

"Ya kushukia kwenye bwawa la ubatizo. Ukiigusa inatekenya vidole. Tunashindana nani ataishika muda mrefu." Nyuma yake nikasikia wenzake wanacheka.

Sijui nilishukaje kwenye ngazi. "Nisikilize. Tokeni hapo wote. Mtu asiiguse tena. Maji yameshajazwa?"

"Bado, ndiyo wanataka kuwasha pampu."

Nikampigia mzee wa kanisa. Inaita tu. Mchungaji, hapatikani. Nikadandia bodaboda na mkanda wa vifaa ukiwa bado kiunoni.

Reli ile naijua, maana umeme wa kanisa lile niliufunga mimi. Masomo ya umeme niliyasoma jioni, baada ya kuuza ndizi mchana kutwa pale Mbugani, na Mungu alinishika mkono nikamaliza. Kazi ya kanisa niliifanya kama naandaa meza ya Bwana. Kila chuma kilicho karibu na lile bwawa, reli, bomba, kiti cha pampu, nilikiunganisha kwa waya wa kijani na njano, nikaupeleka ule waya hadi kwenye fimbo ya shaba niliyoizamisha ardhini karibu na mlango. Ndiyo ethi yenyewe: umeme ukipotea njia, ushukie ardhini, usishukie kwa mtu. Mchanga wa Matema haukai na maji, kwa hiyo fimbo nilikuwa nimeizungushia mkaa na chumvi ya mawe ili pale chini pabaki na unyevu. Juu nikafunika kwa chungu kikubwa nilichonunua Lyulilo, ili siku ya kukagua mtu akifunue kirahisi.

Njia nzima nilikuwa naomba. Sikuomba maneno mazuri. Nilisema tu, Bwana, mkavu anatekenywa tu, aliyelowa anauawa. Nilisema hivyo mpaka dereva akageuka kuniuliza kama naongea na yeye.

Nilipofika, pampu ilikuwa inanguruma. Maji yalishafika kwenye ngazi ya kwanza. Juu ya bwawa zilikuwa zinawaka taa za rangi ambazo mimi sikuziweka. Mafundi wa vigae waliotoka Mbeya walikuwa wanafuta vumbi, na akina mama watatu wameinama na mafagio ndani ya maji, kanga zimelowa mpaka magotini. Binti yangu alikuwa amesimama mlangoni, amewatanulia wenzake mikono kama anayefukuza kuku. Nilipomwona nikapata pumzi.

"Tokeni kwenye maji!" nikapiga kelele. "Tokeni, msishike reli!"

Akina mama wakatoka wanasukumana. Mzee wa kanisa, aliyekuwa anawasimamia, akanigeukia. Nikamsalimia kwa lugha ya kwetu, kama baba yangu, "Ugonile, tata." Hakuitikia.

"Umekuja kutafuta vitu vyako?" akasema. "Havipo. Tumeviombea, nikavipeleka mwenyewe kwa mtumbwi mpaka kwenye kina cha ziwa, nikavizamisha."

Nikatazama mlangoni. Pale kilipokuwa chungu palikuwa na saruji mbichi na vigae vinne vyeupe.

"Vitu gani, tata?"

"Unaniuliza mimi? Chungu kimefudikizwa, ndani chumvi, ndani mkaa, na mshale wa shaba! Kwenye mlango ambao watu wa Mungu wanapita! Hawa vijana walipochimba, mmoja alikimbia akaacha kiatu."

"Sikukimbia," akasema kijana wa vigae. "Nilikwenda kuita watu."

"Na hizi taa, nani kafunga?" nikauliza.

Mkubwa wao akainua mkono, anatabasamu. "Mimi, mama. Tulikuta waya umebaki, wa kijani, haufanyi kazi yoyote. Tukaupa kazi."

Hapo ndipo nilipoelewa. Waya ule ulikuwa umefungwa kwenye reli. Waliondoa fimbo iliyokuwa inaupeleka ardhini, kisha wakaupitishia umeme. Kila walipowasha taa zile za mapambo, waliiwasha na reli, na kesho watu ishirini walikuwa washuke humo wameishika.

Nikatoa testa, ile bisibisi ya kupimia umeme, nikagusa reli. Kile kitaa kidogo cha ndani kikawaka.

"Mmeona?" mzee akaruka nyuma. "Kinawaka chenyewe mkononi mwake!"

"Damu ya Yesu!" akasema mama mmoja, na wote wakarudi mpaka ukutani. Nikawaacha waogope. Waliogopa kitu kisichokuwepo, lakini walikuwa mbali na reli.

Nikaenda kwenye swichi kuu nikazima. Pampu ikanyamaza, taa zikafa. Nikaegemeza mgongo wangu pale.

"Washa," mzee akasema.

"Siwashi, tata."

"Hapa huamrishi wewe."

"Najua. Lakini siwashi."

Alinisogelea mpaka nikasikia pumzi yake. Sijui ingekuwaje kama mchungaji asingeingia wakati ule. Alisikiliza upande ule, akasikiliza upande huu, kisha akaniuliza kwa upole, mbele ya watu wote, "Mama, chumvi ilikuwa ya nini?"

Nikamweleza. Akaitikia kwa kichwa, lakini macho yake yalikuwa yanazunguka kwenye nyuso za watu.

"Tukiondoa hizo taa tu, je?" akauliza.

"Bila fimbo, Baba Mchungaji, pampu ikipata hitilafu ni yale yale. Fimbo iko ziwani. Nyingine ni mpaka Kyela, na muda huu maduka yamefungwa, kesho ni Jumapili."

"Na kinanda? Na spika?" mzee akadakia. "Wageni waje waimbiwe gizani? Wasipobatizwa kesho, watu watasema dawa ya huyu mama imeshinda!"

"Waseme," nikasema. "Waniite mchawi mpaka nizikwe. Binti yangu hashuki humo umeme ukiwepo, na mtoto wa mwenzangu pia hashuki." Nikafungua swichi, nikachomoa fyuzi kubwa, nikaitia kifuani.

"Umeiba mali ya kanisa!"

"Ndiyo. Nitairudisha kesho wakishatoka wote."

Mchungaji akalitazama bwawa, maji yalikuwa hayafiki hata magotini. Mama mmoja wa Lyulilo, mfinyanzi, akajifunga kanga upya.

"Sasa maneno ya nini? Ziwa si lile pale? Ndoo hazina umeme." Akamtazama yule mkubwa wa vigae. "Na wewe mwenye kazi za kugawa, shika ndoo."

Mchungaji akawa wa kwanza kuchukua ndoo.

Jumapili kwaya iliimba kwa ngoma tu, mwalimu wao kanuna mpaka mwisho. Asubuhi nilikuwa nimeipima reli, imekufa kabisa. Hata hivyo, nilikaa karibu na bwawa, fyuzi nimeibana kiganjani chini ya kitenge, na jasho likailowesha. Watu wa benchi langu walikuwa wamehamia benchi la nyuma.

Binti yangu akaitwa. Akashuka na gauni jeupe, maji yakampanda kiunoni, akaishika reli kwa mikono yote miwili. Nikaibana fyuzi zaidi. Mchungaji akamzamisha. Akaibuka anakohoa, anacheka, anatafuta reli tena apande.

Nikahisi mtu kasimama pembeni yangu. Ni mzee wa kanisa. Anayefuata kwenye mstari alikuwa mjukuu wake, ameshavua viatu.

"Kile kitu unacho?" akaninong'oneza, hakunitazama.

"Ninacho, tata."

"Usikiachie."