Mawakili Saba wa Fundi Opio

Aibu hii nimeibeba muda mrefu, na ninaitoa leo kwa sababu nyinyi rafiki zangu mmezoea kunicheka kwamba mtu mwenye shahada ya sheria hawezi hata kubishana na kondakta juu ya nauli. Basi chekeni mapema, maana mwanzo wake unachekesha, lakini tukifika mbele naomba msinitazame usoni.

Mwaka ule, enzi za utawala wa wanajeshi, nilikuwa wakili mpya, mpya kabisa, na Kampala ilikuwa imejaa mawakili wapya kama mimi. Sijui niwaelezeje. Walimu wetu wa sheria waliondoka mmoja mmoja, huyu kavuka mpaka, yule kaitwa nje ya darasa na watu wenye miwani nyeusi na koti lake likabaki kitini juma zima (hakuna aliyethubutu kulitoa), mpaka somo la mwenendo wa kesi likawa linafundishwa na mwanafunzi aliyetutangulia mwaka mmoja tu, ambaye alitusomea daftari lake nasi tukanakili, pamoja na makosa yake. Vitabu vya maktaba vilikuwa vimechanwa kurasa. Lakini wanafunzi waliongezwa kila mwaka, kwa kuwa wakubwa walitaka kuionyesha dunia kwamba wasomi bado wapo, na sote tulifaulu, hata waliokuwa wakilala darasani. Tukamwagwa mjini. Na mjini kazi hakuna: kampuni zimefungwa, wenye maduka makubwa wamefukuzwa nchini, kesi nzito zimehamia mahakama ya wanajeshi ambako wakili hatakiwi. Tukabaki tunagombania mahakama moja ndogo karibu na soko, tumejipanga barazani kila asubuhi kama mbayuwayu juu ya waya, suti zimefubaa, kila mmoja akijifanya anamsubiri mteja wake.

Mimi nilikuwa na joho. Mahakama ile ndogo haikudai joho, lakini dada yangu, niliyekuwa nikiishi naye Kyebando, alinishonea moja kwa kitambaa cha miavuli (kitambaa kingine cheusi hakikupatikana mji mzima), na nilipotembea lilichakarika kana kwamba mvua inaninyeshea mimi peke yangu. Nilijiona mtu.

Asubuhi hiyo aliletwa Opio, fundi wa sufuria kutoka Katwe, mtu wa kaskazini, mrefu, mikono imejaa makovu ya bati. Alishtakiwa kwa kuuza sufuria kwa bei iliyozidi ile ya serikali. Lilikuwa kosa dogo, na sote pale barazani tulijua linavyokwisha: mtu anakiri, anakemewa, mkewe analipa faini, jioni anagonga bati lake tena. Lakini tulijua na jambo jingine, kwamba redio ilikuwa imetangaza kuwa kesi za bei sasa ni za wanajeshi, na wanajeshi wenyewe walikuwa wanapita mahakama hadi mahakama kuwachukua wote ambao kesi zao hazijaamuliwa. Kwa hiyo Opio alihitaji kitu kimoja tu duniani: kesi yake iishe kabla hawajafika. Mkewe, Mama Akello, alikuwa benchi la mbele, faini ameifunga kwenye pindo la leso, macho yake yakienda mlangoni na kurudi.

Hakimu, mzee mchovu mwenye kikohozi, akauliza haraka, kutimiza desturi tu, "Mshtakiwa ana wakili?"

Hapo, jamani, ndipo nilipofanya uamuzi wangu mdogo. Mimi na wenzangu wachache tulikuwa tumeingia kuketi ndani; nilisimama. Opio hakuniita, wala sikuwa nimesema naye neno hata moja. Nilitaka tu watu waliojaa mle ndani waone kwamba yuko kijana mwenye joho.

"Mimi hapa, Mheshimiwa."

Nyuma yangu alikuwapo Kaggwa, tuliyesoma darasa moja, na sijui kama ni wivu au ni njaa, naye akasimama. "Mheshimiwa, mteja huyu ni wangu."

"Wako tangu lini?" nikamnong'oneza.

"Tangu ulipomwiba!"

Watu wa mbele wakasikia, wakacheka. Akasimama wa tatu, akidai ametumwa na shangazi wa mshtakiwa, na wa nne akasema huyo shangazi alimtuma yeye kwanza, na waliokuwa barazani, kusikia kuna mteja, wakaingia mbio wakifunga vifungo vya makoti, mpaka tukawa saba, tumesimama bega kwa bega mbele ya fundi mmoja wa sufuria.

Hakimu akavua miwani. "Hata mawaziri hawaletwi hapa na jeshi la mawakili namna hii. Opio, katika hawa, wako ni yupi?"

Opio alitutazama mmoja mmoja, kwa adabu, kama mtu anayechagua bati asilolitaka. "Mzee, mimi hapana jua hawa watu. Mimi nakubali makosa. Bibi yangu iko na faini. Nataka kwenda nyumbani."

Mngedhani yamekwisha hapo. Yalikuwa yamekwisha! Kalamu ya hakimu ilikuwa imekwisha kuinuka. Lakini nikakumbuka mstari mmoja wa lile daftari tulilonakili, kwamba mtu asiyepewa ushauri asikubaliwe kukiri, na mstari huo ulikuwa mzuri mno kuachwa bila kutumiwa mbele ya umati, nikasema, "Mheshimiwa, mteja wangu hafahamu anachokisema. Naomba muda nimshauri."

"Mteja wako?" Kaggwa akanishika joho kunivuta chini, mimi nikajivuta mbele, na kitambaa cha miavuli, ambacho kazi yake ni kuzuia mvua na si kuzuia mawakili, kikachanika kutoka shingoni hadi kiunoni kwa mlio uliosikika mpaka nje. Mahakama nzima ikaangua kicheko. Polisi aliyemlinda Opio alijifuta machozi. Nami nikageuka kumpiga Kaggwa kikumbo (ndiyo, mbele ya hakimu), wa nne akaangukia meza ya karani, wino ukamwagika, na hakimu akakohoa hadi akainuka, akasema, "Nitarudi mkishajua nani ni nani," akaingia chumbani kwake.

Mtu mmoja tu hakucheka. Mama Akello alisimama akafungua lile pindo la leso, akainyoosha ile fedha hewani kuuelekea mlango uliofungwa. "Mzee, faini hii hapa," alisema. "Hii hapa, Mzee."

Bado tulikuwa tunagombana walipoingia wanajeshi wawili. Hawakupiga kelele. Wakauliza Opio ni nani, na Opio mwenyewe akasema, "Ni mimi," wakatoka naye, mmoja mbele mmoja nyuma. Hakimu aliporudi alikuta kizimba kitupu. Akaita kesi inayofuata.

Nje, Mama Akello alinifuata. Nilijikunyata nikingoja matusi, na laiti angenitukana.

"Wewe ndiye ulisimama wa kwanza," alisema. "Twende, mwanangu. Huko kambini watauliza, na mimi nikiogopa Kiswahili kinanikwama. Wewe unajua kusema."

Tukaenda kwa miguu hadi kambini, ng'ambo ya Bugolobi, mimi na joho langu limekunjwa kwapani, yeye mbele yangu hatua mbili, haraka, kama anayewahi kitu kinachopoa. Getini alikuwapo mwanajeshi kijana, ameketi juu ya kasha, anakula karanga.

"Nyinyi nataka nini?"

Mama Akello akanigusa mgongoni, kidogo tu.

"Tunamtafuta Opio, afande. Fundi wa sufuria. Wamemleta leo."

Akaacha kutafuna. "Wewe nani yake?"

Jibu nilikuwa nalo. Nilikuwa nimelisema asubuhi ileile mbele ya watu wote, nikalipigania mpaka nikachanikiwa na nguo. Lakini bunduki ilikuwa imelazwa mapajani pake, na kidole chake kilikuwa na chumvi ya karanga, nami nikakitazama kile kidole.

"Si mtu wangu, afande," nikasema. "Namsindikiza huyu mama tu."

"Basi potea."

Mama Akello hakunitazama. Alisogea mbele, akasema kwa Kiswahili ambacho hakikumkwama hata kidogo, "Mimi bibi yake. Opio iko mutu yangu. Mimi nangoja hapa."

"Ngoja," akasema yule kijana. "Nani anakukataza kungoja?"

Akaketi majanini ukingoni mwa barabara, miguu ameinyoosha, leso mapajani. Mimi nikaondoka. Niligeuka mara moja tu, naye alikuwa bado analitazama geti.

Opio hakurudi Katwe. Mama Akello alingoja pale siku nyingi. Najua, kwa sababu nilikuwa napita upande wa pili wa barabara, kofia nimeishusha usoni.

Kuhusu joho, dada aliniuliza mara moja, nikamwambia nimelisahau mahali. Na niliapa, rafiki zangu, kwamba sitasimama tena kwa ajili ya mtu mahali ambapo kusimama hakunigharimu kitu. Kiapo nimekitunza. Ila kwingine nako, kule ambako kunagharimu, mnanijua: sijasimama bado.