Kamera Inayoona Miguu

Nilipewa kazi ya kuchagua kamera kwa sababu ninauza vifaa vya simu karibu na soko kuu la Kisangani, na katika ukoo wetu mtu anayeuza chaja anahesabiwa kuwa anajua kila kitu chenye betri. Sijui kila kitu. Lakini yaya, yaani kaka yangu mkubwa, alikuja kibandani kwangu mchana mmoja akakataa kiti, na yaya hakatai kiti isipokuwa ana jambo.

Jambo lenyewe lilikuwa hili. Timu moja ya mashindano ya magari, katika nchi jirani upande wa mashariki, ilikuwa inatafuta dereva anayejua matope. Aliyetaka nafasi hiyo alitakiwa kutuma video iliyopigwa ndani ya gari: mizunguko mitatu mfululizo kwenye njia ya udongo isiyopitiwa na watu, bila kukatwa popote. Barabara ionekane, mikono ionekane, na miguu ikiwezekana. Mwisho wa kupokea ulikuwa Jumatatu ya wiki iliyofuata.

"Gari utatoa wapi?" nilimwuliza.

"Patron atanipatia ya kwake dimanche, kisha messe. Ni ile siku tu. Donc we unitafutie kamera ya muzuri, ya bei ya batu sawa siye." Maana yake, mwajiri wake angempa gari lake Jumapili baada ya misa, siku hiyo tu.

Yaya amekuwa akiendesha magari ya wengine kwenye barabara ya Ituri tangu mimi nikiwa shule ya msingi. Sisi ni watu wa mto, wa upande wa Isangi. Baba yetu alijua pirogi, yaani mtumbwi, na hakujua kingine, na yaya ndiye wa kwanza kwetu kushika usukani. Katika miaka hiyo yote hakuna aliyewahi kumwuliza anaendeshaje. Wanauliza kama mzigo umefika. Timu ile ilitaka kumwona akiendesha, na ilikuwa na kikomo cha umri ambacho yaya angekivuka mwakani. Hakunieleza kwamba alikuwa anaitamani nafasi ile. Alinyoa ndevu siku mbili mfululizo, nikaelewa.

Nilianza na simu yake mwenyewe, maana kamera ya bei nafuu kuliko zote ni ile uliyo nayo tayari. Haikufaa. Simu za siku hizi zinatuliza picha zenyewe bila kuombwa, na barabara ya Bangboka, ile ya uwanja wa ndege, ambayo inaweza kumng'oa mtu meno, ilionekana kama imetandikwa zulia. Ukiangalia video ile ungesema hata mimi naweza kushindana. Kisha simu ikachemka juani ikazimika.

Ya pili ilikuwa kamera ndogo ya kubandika kwenye kioo cha mbele, ile wanayoweka wenye magari ili ajali ikitokea wapate cha kubishania. Bei yake ilikuwa ya kirafiki. Lakini inaona barabara tu, na kadi ikijaa inarudi mwanzo na kuandika juu ya kile ilichokwisha kupiga, bila kuuliza mtu. Sikutaka mashine yenye tabia hiyo.

Ya tatu niliipata kwa mzee mmoja wa soko, wa zile familia za Kiislamu ambazo biashara kwao ni kazi ya mababu. Ilikuwa boksi dogo jeusi, nakala ya kamera ya michezo yenye jina kubwa, na yeye hakunificha kwamba ni nakala. "Mwanangu, sauti yake ni mbaya," alisema, "lakini macho iko nayo." Kweli, sauti ilikuwa ya injini iliyofunikwa ndani ya sufuria. Lakini lenzi ilikuwa pana, picha haikulainishwa, na betri ilitoka, kwa hiyo ningeweza kubeba ya akiba. Nikaijaribu kadi yake palepale kwa kuijaza mpaka mwisho, maana soko letu lina kadi nyingi zinazodanganya ukubwa wao. Nikaona kwamba ukiifunga chini ya paa, katikati ya viti, inashika kila kitu: barabara, uso wa dereva kwa ubavu, usukani na vikanyagio.

Niliichagua kwa sababu ya vikanyagio. Yaya anaendesha pekupeku. Matope yakianza anavua kandambili, anazitupa nyuma ya kiti, na abiria wanaomfahamu wanaacha mazungumzo. Nimekaa kando yake mara nyingi nikitazama mguu ule. Unabonyeza breki kama mama anavyobonyeza parachichi sokoni, polepole, mpaka ajue lilivyo ndani. Wengi wana mikono mizuri. Niliona kwamba timu ikiuona mguu wa yaya, nafasi ni yake.

Alhamisi alikuwa anapeleka mzigo uwanja wa ndege kwa gari la kazi, nikapanda naye. Kando ya barabara ya Bangboka kuna shamba la zamani la michikichi ambalo halina mwenyewe anayelijali, na ndani yake njia ya udongo inazunguka na kurudi ilikoanzia. Mvua ilikuwa imenyesha asubuhi. Nilifunga kamera, yaya akavua kandambili na shati, akabaki na singlendi yenye matobo, akapiga mzunguko mmoja wa majaribio huku akinieleza bei za mihogo. Sijawahi kuona gari likitii namna ile.

Tuliitazama video tukiwa bado ndani ya gari. Nilingoja anisifu.

"Miguu iko inaonekana vile?" aliuliza.

"Yote, yaya. Mpaka kidole."

Alichukua kandambili nyuma ya kiti akazivaa. Kisha akasema, "Futa ile."

"Ni nzuri sana!"

"Futa. Niko sawa mutu mwenye anatoka kuchimba shimo."

Nikafuta. Ilikuwa ya majaribio, mzunguko mmoja tu, isingekubaliwa hata hivyo. Ndivyo nilivyojiambia.

Hapa nilitakiwa kuelewa, kwa kuwa nimekulia nyumba ileile. Kwetu mtu hapigwi picha alivyo. Wapiga-picha wa mjini wanaweka koti na tai ukutani za kuazimisha wateja, na babu yetu yuko sebuleni hadi leo ndani ya koti ambalo mikono yake inafika kwenye vidole. Hakuna anayelicheka. Picha ni mahali pa kwenda ukiwa umeoga, na mguu mtupu ni wa kazini na wa shida. Nami nilikuwa nimemnunulia kaka yangu kamera inayoona miguu.

Jumapili alitoka kanisani na hakubadilisha nguo. Suruali imepigwa pasi, shati jeupe, marashi, na viatu vyeusi vya ngozi vyenye soli laini, ambavyo mama alikuwa amevipiga rangi tangu jana yake. Mama alikuja naye hadi shambani, ameketi kiti cha nyuma na kitenge chake cha sikukuu. Nilipomaliza kufunga kamera niliangalia chini.

"Yaya, viatu hivi..."

"Viko na nini?"

"Vua. Si unaendesha bila viatu siku zote?"

"Batu ya inchi ingine baniangalie miguu sawa ya mupagazi? Apana. Banaangalia mutu kwanza, kisha gari."

"Muache mukubwa wako," alisema mama. "Amependeza."

Kwetu mdogo akisharudishwa na mama pamoja na kaka, ameshamaliza kusema. Nilimshusha mama, tukakaa juu ya gogo, gari likaondoka.

Mzunguko wa kwanza ulikwenda vizuri. Katika wa pili, kwenye kona iliyo karibu na mfereji, nilisikia injini ikipanda mahali ambapo huwa inashuka: soli ilikuwa imeteleza juu ya breki ikaangukia mafuta. Nyuma ya gari ikatoka nje. Mikono yake ikalirudisha. Mzunguko wa tatu aliuendesha kama mtu anayevuka gogo lenye utelezi, akifunga breki mapema kila kona. Niliona huruma, na niliona hasira.

Saa tisa gari lilikuwa limerudi kwa patron. Nyumbani tuliitazama mara nne. Mama hakuona kona ya mfereji. Aliona mwanawe mwenye shati jeupe akizungusha usukani, akawaita majirani. Yaya naye alikuwa anatazama uso wake mwenyewe. Jumatatu asubuhi niliituma.

Jibu lilikuja baada ya siku kumi na mbili, kwa Kifaransa, sentensi chache. Walisema mikono ni mizuri mno. Walisema mguu hauna uhakika kwenye breki, na katika kazi yao jambo hilo halifundishiki kwa mtu wa umri wake. Walimshukuru.

Nilimsomea yaya kibandani, maana hakuwa na miwani. Safari hii alikuwa amekaa. Hakulaani mtu. Aliniomba nimwonyeshe ile video, nikampa simu, akaishika mbali kidogo na macho na kuitazama tangu mwanzo hadi mwisho. Nilimwona akifunika sehemu ya juu ya kioo kwa kiganja, uso na shati vikapotea, vikabaki vikanyagio na viatu. Ilipofika kona ya mfereji alirudisha nyuma, akaangalia tena, na mguu wake mwenyewe chini ya meza yangu ukabonyeza sakafu.

"Banasema kweli," alisema.

Nilifungua mdomo kumwambia kwamba huyo wa kwenye video si yeye. Akaniwahi.

"Huyu? Ata miye siwezi kumupa gari."