Tawi Badala ya Mzizi

Saa kumi na mbili asubuhi, Buakham Wongsa anapiga magoti mbele ya mti, anaunganisha viganja na kuuomba radhi. Kisha anakata matawi mawili yenye unene wa kidole gumba. Jembe ameliacha nyumbani, na anaondoka akitazama nyuma kama mwizi.

Buakham, 58, ni mganga wa mitishamba katika kijiji kimoja cha Phrae, kaskazini mwa Thailand. Kwa miaka 31 amechemsha dawa ya kisukari kama alivyofundishwa na Mwalimu Insom: mizizi, na mizizi tu. Kila mwaka, siku ya kuwaenzi walimu, huapa kwamba hatabadilisha kitu.

Tatizo ni kwamba ukichimba mzizi, umeua mti. Zamani kilima kizima kilijaa miti hiyo. Leo imebaki miwili.

"Najiita mganga, kumbe msitu naumaliza mwenyewe," anasema.

Muuguzi wa zahanati, Rattiya, ndiye aliyemshauri ajaribu matawi, kwa sharti kwamba wagonjwa wasiache vidonge na wapimwe kila wiki. Watu saba walikubali. Miezi mitatu sasa, sukari yao haijapanda.

Wa nane hajaambiwa. Ni Mwalimu Insom mwenyewe, miaka 84, ambaye kisukari kimemnyang'anya macho. Mizizi ya akiba aliyokuwa akipikiwa iliisha jana.

Buakham anampa bakuli kwa mikono miwili. Mzee anaonja.

"We Bua, hii si mizizi."

"Ni matawi, Baba Mwalimu. Nimevunja kiapo."

"Jembe limepotea?"

"Nimeshindwa kuuchimba mti. Ni ule wa nyuma ya hekalu, ulioupanda wewe."

Mzee anapapasa hewani mpaka anaupata mkono wake. "Kumbe bado upo?"

"Upo, Baba. Umetoa maua."

"Mimi nilidhani umeshaninywesha wote!" Anacheka hadi anakohoa, kisha anasogeza bakuli. "Haya, niongezee. Uchungu ni uleule."

Buakham analia, wala hajifichi.

Alhamisi ijayo ni siku ya walimu. Kwenye sinia la sadaka ataweka tawi, na pembeni miche kumi na minne aliyoiotesha kwenye makopo ya maziwa, awagawie majirani. Lakini kwanza ana safari nyingine: mzee ameomba ashikwe mkono hadi nyuma ya hekalu.

"Macho sina," amemwambia, "lakini pua bado ni yangu. Nipeleke kabla maua hayajapukutika."