Tulipotengwa na sungusungu Kisesa: jirani aliyetupigia mwano, na jiko ambalo mama alilizima kwa makusudi

Wakuu, poleni na mgao.

Jana nimepita kwenye uzi wa yule mwenzetu aliyefunga solar, inverter, kisima, fence ya umeme na kamera kila kona. Anasema sasa hivi yeye hamhitaji mtu yeyote. Hongera zake, na like nimempa. Ila lile neno "simhitaji mtu" nimelala nalo, maana ndilo lililokuwa mdomoni mwa marehemu baba yangu, na nusura lituue.

Haya ninayoandika niliyaona kwa macho yangu nikiwa mtoto wa shule ya msingi. Chai sina hapa, hata ya kunywa sukari imeisha. Na mimi ni mama mtu mzima, msije mkaniita "jamaa" huko kwenye comments.

Twende.

Miaka ya tisini, viwanda vilipoanza kuuzwa na watu kupunguzwa kazini, baba alikuwa fundi umeme kwenye kiwanda kimoja pale Mwanza mjini. Tulikuwa tunakaa nyumba za kiwanda. Taa mpaka chooni. Halafu ghafla kazi hakuna, nyumba hakuna, na mgao wa umeme ndio umepamba moto.

Baba Mjita, mama Mkerewe. Baba alikuwa amejenga kibanda cha matofali ya kuchoma nje kidogo ya Kisesa, upande wa Bujora, kwa Wasukuma. Tukahamia huko na godoro zetu.

Jamani, baba yangu alikuwa na akili ya mikono! Alinunua betri ya gari iliyochoka, akaifufua, akatufungia vitaa vya gari sebuleni na chumbani. Betri ikiisha anaifunga kwenye baiskeli anaipeleka kuchajiwa kwenye mashine ya kusaga. Redio nayo ilikula hapo hapo. Mawe ya tochi yakichoka tunayaanika juani, yanapata uhai wa siku mbili tatu. Mvua ikinyesha, maji yote ya bati yanaingia kwenye pipa.

Mama naye alikuwa na jiko lake la maranda. Wa zamani mnalijua. Unachukua kopo kubwa la rangi, unatoboa tundu chini ubavuni. Unasimamisha chupa katikati, unashindilia maranda ya mbao mpaka yagande, halafu unaichomoa chupa taratibu, panabaki shimo. Unawashia chini kwa vijiti vya pamba. Likishika, unapika maharage, unachemsha maji ya kuoga, unakaanga dagaa, na bado linawaka tu. Maranda yenyewe mafundi seremala walikuwa wanayatupa, baba akitoka mjini anarudi na gunia zima.

Usiku mama analifunika, asubuhi anachokonoa, moto upo. Tangu tuhamie lile jiko halijawahi kulala bila moto. Kibiriti tulikuwa tunakiona kama pambo la dirishani.

Sasa jirani yetu alikuwa Mama Kabula. Kati yetu na wao ni ua wa minyaa tu. Msukuma haswa, mrefu, mwenye sauti ya kuita ng'ombe waliokwisha vuka mlima. Bintiye Kabula nilikuwa nasoma naye darasa moja. Kila asubuhi Kabula anakuja na kigae cha chungu, "Mama anaomba moto." Mama yangu anamchotea makaa, wanaulizana hali, maisha yanaenda.

Lakini sisi hatukuwahi kwenda kwao kuomba kitu. Hata chumvi. Baba alikataza. "Nyumba hii haiombi mtu," alikuwa anasema, tena kwa sauti, ili wasikie mpaka ng'ambo ya minyaa. Nyie! Baada ya kiwanda kumtupa, nadhani ile ndiyo heshima pekee aliyokuwa amebaki nayo. Leo namwelewa. Wakati ule niliona ni ukali tu.

Kosa letu likaja hivi.

Jioni moja, jua ndio linazama, tunasikiliza redio, tukasikia sauti kali inavutwa kutoka bondeni. Ikapokelewa na nyingine, na nyingine. Huo ndio mwano. Kwa Wasukuma mwano ukipigwa maana yake mtu kavamiwa, na kila mwanaume mwenye miguu anatoka na fimbo yake anakimbilia kule. Hakuna cha mgonjwa wala mgeni. Miaka ile hofu ilikuwa kubwa, watu walikuwa wanasema bunduki zinavuka kutoka nchi za jirani kwenye vita, na ng'ombe walikuwa wanaibiwa mchana kweupe. Sungusungu, ulinzi wa wanakijiji wenyewe, ndio walikuwa usalama wetu.

Baba yangu alifanya nini? Alifanya kile ambacho mtu wa nyumba za kiwanda hufanya akisikia kelele za mwizi. Alifunga mlango kwa komeo, akachomoa waya wa taa, akazima redio, akatuambia, "Kimya. Lala chini."

Tukalala chini, jamani. Familia nzima kwenye sakafu, na kijiji kizima kinakimbia kupita mbele ya nyumba yetu.

Kesho yake akaja mtemi wa sungusungu na wazee wake. Mtemi alikuwa mzee mpole, mwenye kigugumizi kidogo, si mtu wa fujo. Akasema faini ni mbuzi, mlaji ni kijiji, na yaishe. Baba akapanda hewani. Ooh, mimi ni raia, polisi wapo, sheria ya mbuzi imeandikwa wapi. Mama akamvuta shati, "Baba Nyabwire, wape tu mbuzi wao." Nyabwire ndio mimi. Wapi!

Mtemi akamsikiliza mpaka mwisho. Akasema, "Sawa. Umesema nyumba yako haiombi mtu. Basi i-isiombe."

Tukatengwa.

Kama hujawahi kutengwa usukumani usiombe yakukute. Hakuna kukusalimia. Hakuna kukupa moto, hakuna kukupisha kisimani. Dukani unasimama mpaka unajiona mjinga unaondoka. Anayevunja anatengwa na yeye. Shuleni Kabula alihama dawati. Hakunitukana wala nini, alihama tu, akawa ananitazama kwa mbali na mimi namtazama. Hilo liliniuma kuliko yote, na mpaka leo linaniuma.

Baba alijitutumua. "Tunakosa nini? Moto tunao, taa tunayo, maji ya mvua yapo." Na kweli wakuu, kwa vitu tulikuwa hatukosi. Mahitaji alikuwa anatoa mjini, Buzuruga huko, kwa baiskeli. Lakini mama alikuwa hali chakula. Kuna siku nilimkuta ameinamia jiko lake, akasema kama anaongea na lenyewe, "Sasa mwano wetu sisi ataupokea nani?"

Ndipo nilipoelewa kwamba tulikuwa tunaishi peke yetu porini, katikati ya watu.

Na wezi si wajinga. Habari ya nyumba iliyotengwa inatembea.

Siku yenyewe ilikuwa alasiri, nimetoka shule, baba yuko mjini kwenye kibarua. Mama yuko jikoni nje anageuza maharage. Wakaja wanaume wawili, wageni, mmoja ana panga kwenye gunia. Wakasalimia vizuri kabisa. Wakaomba maji, mama akawapa. Wakanywa. Halafu yule mmoja akaingia ndani kama kwake, akaanza kuchomoa betri na redio.

Mama akasema, "Nitapiga kelele."

Yule wa panga akatabasamu. Akamwambia, "Piga, mama. Nani atakuja?"

Sijawahi kusikia swali baya kama lile. Mama hakupiga. Alijua jibu. Akanivuta akaniweka nyuma ya kanga yake.

Na hapo hapo, ng'ambo ya minyaa, ikapanda sauti.

Niliwaambia yule mama ana sauti ya kuita ng'ombe? Siku ile iliita kijiji. Mwano mrefu, umevutwa mpaka nywele zikasimama, halafu maneno: "Nimevamiwa! Kwangu jamani! Kwa Mama Kabula! Wananimaliza!"

Kwake hapakuwa na mtu. Alikuwa amesimama peke yake uani na mwiko wa ugali mkononi.

Bondeni wakaupokea. Mlimani wakaupokea. Wale jamaa wakatazamana, wakakimbia na betri. Haikuwafikisha mbali, betri ya gari si mzigo wa kukimbia nao, waliitupa kwenye mihogo pamoja na redio, wakatokomea kwenye mawe. Wanaume wakafika kwa Mama Kabula na fimbo, mishale, majembe. Yeye akawaonyesha kwa midomo tu, upande wetu.

Wakajaa uwanjani kwetu. Wamesimama, wanahema, hakuna anayetusalimia maana sisi ni watengwa. Mtemi akamgeukia Mama Kabula.

"Wamevamia wapi?"

"Kwangu."

"Mbona betri ni ya huyu?"

"Walipita kwangu wakienda kwake. Mpaka uko wapi mimi sijui, kwani mimi ni mtu wa ardhi?"

Watu wengine waliinamisha nyuso kuficha kicheko. Mtemi hakucheka. Akasema, kwa taabu, unaona kabisa hapendi anachokisema, kwamba kupiga mwano wa uongo ni kosa, na kuisaidia nyumba iliyotengwa ni kosa jingine. Atoe mbuzi, la sivyo na yeye atatengwa. Mama Kabula mbuzi hakuwa naye. Alikuwa mjane mwenye watoto na shamba la pamba, basi.

Akasema, "Nitengeni. Huyu mwanamke amenipa moto kila siku tangu ahamie. Nimwache achinjwe nasikiliza?"

Baba akatokea katikati ya hayo, na baiskeli yake na gunia la maranda nyuma. Akaona watu, akaona betri kwenye mihogo, akaniona mimi na mama tumeshikana. Mtu mmoja, kinyume cha amri, akamweleza yaliyotokea.

Baba aliiachia baiskeli ikaanguka. Akakaa juu ya lile gunia mbele ya kijiji kizima na kulia. Fundi mkuu wa zamu, mtu wa "haiombi mtu", analia kama mtoto. Halafu akainuka akamwendea mtemi, akainama.

"Faini ya huyu mama naichukua mimi. Na ile yangu ya kwanza naitoa. Naomba mnisamehe."

Mtemi akauliza, "M-mbuzi wawili?"

"Wawili."

Wiki haikuisha. Betri na redio zikauzwa, mbuzi wakapatikana, wakaliwa hapo hapo uwanjani kwetu kwa kelele na kicheko. Nyumba ikarudi kwenye kibatari. Na baba yangu, wakuu, sijawahi kumwona na amani kama aliyokuwa nayo usiku ule kwenye kile kigiza.

Sasa sikilizeni kilichonifanya niandike uzi huu.

Asubuhi iliyofuata niliamka nikamkuta mama jikoni anamwaga maranda yanayowaka. Yote. Anayamwagia maji, mvuke unapanda. Jiko ambalo halijawahi kuzimika! Nikapiga kelele, "Mama, mbona unazima?"

"Nyamaza wewe. Lete kigae twende."

Tukazunguka minyaa. Mama Kabula alikuwa anafagia. Mama yangu akapiga goti dogo kama wanavyofanya wao, akamwamkia kwa Kisukuma chake cha Kikerewe, "Mwangaluka, mayu. Moto wangu umezimika. Naomba moto."

Mama Kabula akatazama juu ya ua. Moshi wa maranda yaliyomwagiwa maji ulikuwa bado unaonekana. Akamtazama mama, akatazama kigae. Akaanza kucheka, akacheka mpaka machozi, mama naye akacheka, wakashikana mabega pale uani. Kisha akaenda jikoni kwake akachota makaa, akachagua makubwa, akayaweka kwenye kigae chetu kwa mikono miwili.

Nyuma yake Kabula alikuwa amesimama na begi la shule, ananisubiri twende.

Baba alitangulia mbele za haki akiwa ameshakimbilia mwano wa watu wengi, na siku ya msiba wake kijiji kizima kilikesha kwetu. Mama na Mama Kabula wapo, bibi vizee wawili wasiosikia vizuri, wanapigiana kelele juu ya minyaa ile ile. Nikienda nampigia Mama Kabula shikamoo nikiwa nimepiga magoti mpaka chini, na bado naona haitoshi. Mungu amzidishie miaka.

Mimi nina solar, gesi na geti zuri hapa mjini. Sijutii hata kimoja, funga na wewe. Ila kila nikihamia mtaa mpya, wiki ya kwanza natoka kwenda kuomba chumvi kwa jirani na yangu imejaa kabatini. Mume wangu ananiona nimechanganyikiwa.

Nilichojifunza ndicho hicho, sina kingine. Na kwako ndugu yangu wa fence ya umeme, bila kejeli, naomba uje hapa chini unijibu kitu kimoja: jirani yako wa upande wa kulia anaitwa nani?

Na nyie wengine mjibu pia. Nipo, nasoma zote.