Jani la Sale Kaburini kwa Babu

Juzi nilipita Mwika nikaona mafundi wakivuta nyaya kwenye minara mipya ya umeme. Migomba iliyokatwa ilinuka vilevile kama mchana ule wa utoto wangu, baada ya minara kufika kihambani kwetu, kwenye shamba la migomba la ukoo.

Bibi alichuma jani la sale, lile tunaloombea msamaha, akalifunga fundo. Nilidhani anakwenda kuuomba mnara usitupige shoti.

Aliupita. Akaliweka jani juu ya kaburi la babu, aliyezikwa uso ukielekea kilele cha Kibo. Nilichuchumaa nikatazama upande ule. Vyuma na nyaya vilikuwa vimeikata Kibo vipande vipande.

"Nisamehe, mzee," bibi alisema taratibu. "Ile karatasi ya kuwaruhusu watu wa umeme, niliyeweka dole gumba ni mimi."